Blaki Metali kwa Shilingi Elfu Moja: Mnunuzi wa Kitale na Bungoma Aende Njia Gani

Tuseme umetenga shilingi 1,000 kwa mwezi kwa ajili ya muziki. Unaishi Kitale au Bungoma, na muziki unaoutaka haupigwi na redio yoyote unayoipata huku: blaki metali ya zamani, ile ya chini kwa chini, iliyorekodiwa tangu miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 na vijana wasio na pesa wala studio ya maana. Utaipata wapi, kwa bei gani, na pesa yako itaishia mfukoni mwa nani? Nimezipima njia zote ninazozijua, na uamuzi wangu nautoa mapema: anayetafuta majina makubwa peke yake alipie huduma ya mwezi, anayetafuta vilivyofichika anunue faili, aipakue, aiweke kwenye memori kadi yake. Bei ya njia hii ya pili inatisha ukiitazama mara moja. Ukipiga hesabu ya mwaka, haitishi tena.

Kwanza tujue tunachotafuta. Jina la muziki huu lilitokana na albamu ya kundi la Venom la Newcastle, Uingereza, iliyotoka 1982. Wakafuata Bathory wa Uswidi na Hellhammer wa Uswisi, kisha Mayhem wa Norway, kundi lililoanzishwa 1984. Wasikilizaji wengi huishia Norway, na hapo ndipo wanapopoteza utamu. Mwaka 1987, kundi la Sarcófago la Belo Horizonte, Brazili, lilitoa I.N.R.I., albamu yenye ngoma za kasi ya ajabu iliyowafikia vijana wa Norway na kuwatikisa. Medellín, Kolombia, kulikuwa na Parabellum. Chekoslovakia ilikuwa na Master's Hammer, waliotoa Ritual mwaka 1991. Ugiriki ina Rotting Christ. Japani ina Sigh, ambao albamu yao ya kwanza, Scorn Defeat ya 1993, ilitolewa na lebo ya Euronymous, mpiga gitaa wa Mayhem. Vijana hao wa mabara mbalimbali walijuana kwa barua. Mtu alitia kaseti ndani ya bahasha, akabandika stempu, akangoja wiki kadhaa hadi kaseti ya mwenzake imfikie. Demo nyingi, yaani rekodi za majaribio, zilienea hivyo, mkono kwa mkono, bila mkataba wowote, na ndiyo maana hadi leo nyingi hazimo katika huduma kubwa za muziki.

Njia ya bei ya chini kabisa huku kwetu ni duka la muvi. Unaingia na flash yako, kijana aliyeketi mbele ya kompyuta anafungua folda zake, na kwa pesa kidogo unajaziwa nyimbo. Nimezitazama folda hizo katika maduka ya Kitale karibu na steji na ya Bungoma upande wa soko la Chepkube. Kuna injili, rhumba, Bongo, nyimbo za Kibukusu za harusi, rege, na pengine folda iliyoandikwa "Rock" yenye nyimbo za mapenzi za miaka ya 1980. Blaki metali hakuna, na simlaumu mwenye duka, maana yeye huweka kinachoulizwa. Duka hili litakufaa kwa jambo lingine: ukishakuwa na faili zako mwenyewe, hapo ndipo mahali pa kuzihamisha kutoka simu hadi flash ya redio ya gari ikiwa nyumbani huna kompyuta.

Sasa huduma za mwezi. Spotify ilipoingia Kenya Februari 2021, kifurushi cha mtu mmoja kilianzia shilingi 299 kwa mwezi. Usitarajie kupata chini ya hapo leo. Watu wengi huishia hapo katika hesabu yao, wakasahau bando. Ukisikiliza kwa ubora wa kati, yaani kilobiti 160 kwa sekunde, saa moja inakula megabaiti 72. Saa moja kila siku ukitumia bando la megabaiti 250 la siku nzima, ambalo Safaricom huliuza shilingi 20, ni shilingi 600 kwa mwezi. Jumlisha na 299, umefika 899. Kwa dola moja ya shilingi 129, pesa hiyo ni karibu dola saba, na dola saba ndiyo bei ya kawaida ya albamu nzima ya kununua na kubaki nayo.

Kuna namna ya kupunguza gharama hiyo, na ni haki niitaje. Bando la gigabaiti moja kwa saa moja, lile la shilingi 19, ndilo rafiki mkubwa wa mpenzi wa muziki asiye na waya wa intaneti nyumbani. Unalinunua mara moja kwa wiki, unapakua albamu ndani ya programu yenyewe, halafu unasikiliza bila mtandao siku zote zinazobaki. Kwa bei ile ya 299, mwezi mzima hautazidi shilingi 400. Hiyo ni nafuu ya kweli, na kwa mtu anayeanza, anayetaka kusikia Bathory leo na kundi la Emperor kesho ili ajue moyo wake uko wapi, sioni njia bora zaidi. Ila ujue masharti yake. Programu itakutaka uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, na mwezi usipolipa, ulivyopakua vyote vinafungwa. Muziki huo umeukodi tu.

Tatizo kubwa zaidi ni kile kisichokuwemo. Tafuta demo ya kundi dogo la 1989 na mara nyingi utaletewa kundi jingine la jina hilohilo, au kimya kabisa. Hapo watu hukimbilia YouTube, na kwa kweli huko zimo: demo nzimanzima, zimewekwa na wapenzi wa muziki waliozitoa kwenye kaseti zao wenyewe, na kava imepigwa picha ikiwa na mikunjo yake. Hulipi chochote isipokuwa bando. Lakini unalipia picha isiyosogea pamoja na sauti, hivyo saa moja hula data nyingi kuliko huduma ya sauti tupu. Shusha ubora wa video hadi wa chini kabisa kabla ya kubonyeza. Sauti yenyewe huwa imepita mikono mingi. Na mwanamuziki, ambaye huenda sasa ni mzee wa miaka hamsini na kitu na bado yuko hai, mara nyingi hapati hata senti. Mimi huitumia YouTube kama sampuli: nikisikiliza mara mbili na moyo ukabaki palepale, natafuta mahali pa kununua.

Mahali hapo, kwa sehemu kubwa, ni Bandcamp. Ni soko la mtandaoni lililoanza 2008, ambako kundi au lebo huweka albamu yake na bei yake. Soko hukata asilimia 15 ya mauzo ya faili, kuna pia makato ya malipo, na kinachobaki humwendea mwenye muziki. Mara nyingi unaweza kusikiliza albamu nzima kwanza kabla ya kutoa pesa. Bei huanzia bure, pale msanii anaposema lipa utakacho, hadi dola 10 hivi. Lebo ndogo zinazofufua demo za zamani huuza hapo, na makundi mapya ya vichochoroni kutoka kila pembe ya dunia huweka kazi zao kwa dola moja au mbili. Ukiilipia albamu, ni yako. Unaipakua leo, simu ikiibwa unaipakua tena mwaka ujao.

Kikwazo cha watu wa huku kilikuwa malipo, maana Bandcamp hutaka kadi au PayPal. Tangu Juni 2022 kikwazo hicho kimeondoka. Safaricom na Visa walileta kadi isiyoshikika mkononi, M-PESA GlobalPay, ambayo unaiwasha kwenye programu ya M-PESA au kwa *334#. Unapata namba ya kadi, na unapotaka kulipa unaomba namba ya usalama inayodumu nusu saa tu. Pesa inatoka moja kwa moja kwenye M-PESA yako. Angalia kiwango cha kubadilisha dola kabla ya kukubali, maana hakitakuwa kilekile ulichokisikia kwenye habari. Kwa albamu ya dola saba, weka shilingi 950 ili usikwame.

Sasa njoo kwenye kupakua, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopoteza bando. Ukishalipa utaulizwa unataka faili ya aina gani. FLAC, ambayo haipotezi chochote cha sauti, ni karibu megabaiti 280 kwa albamu ya dakika 40. MP3 ya kilobiti 320 ni megabaiti 96. Kwa bando la shilingi 19, za FLAC zitaingia tatu, za MP3 zitaingia kumi. Ili gigabaiti nzima iingie ndani ya saa, mtandao unahitaji kusukuma takriban megabiti mbili na nusu kila sekunde bila kukatika, jambo linalowezekana mjini penye 4G. Ukiwa umepanda kuelekea Endebess au upande wa Mlima Elgon, jaribu kwanza na bando dogo. Fungua kurasa zote za albamu zako kabla ya kununua bando, uziandae, ndipo ulipe zile 19. Saa haikungoji wewe utafute.

Kuna imani iliyoenea kwamba blaki metali ya zamani ilirekodiwa vibaya, kwa hiyo faili ndogo inatosha. Si kweli, na naomba nikae hapa kidogo. Chukua Transilvanian Hunger, albamu ya kundi la Darkthrone iliyotoka 1994. Ilirekodiwa kwa mashine ndogo ya nyimbo nne, nyumbani, bila studio kubwa. Gitaa zake ni kama mvua juu ya mabati: noti moja inachapwa haraka mno, na matoazi ya ngoma yanavuma juu yake bila kupumzika. Sauti ya namna hiyo, iliyojaa mvumo mwembamba wa juu, ndiyo inayoipa shida programu ya kubana faili kuliko sauti ya mtu na gitaa la kawaida. Ukiibana hadi kilobiti 64, ule mvumo unageuka kuwa maji yanayobubujika, na baridi yote ya muziki inayeyuka. Kilobiti 128 ni mpaka wa chini, 192 inatosha kwa simu na basi, 320 ni ya kuweka akiba. Zaidi ya hapo, kwa iafoni ya shilingi mia tano, hutasikia tofauti. Usinunue iafoni yenye besi ya kutikisa fuvu, maana muziki huu hauko kwenye besi. Nunua ya waya inayotoa wazi sauti za juu na za kati. Memori kadi ya gigabaiti 32 inabeba zaidi ya albamu 300 za MP3 nzuri. Inunue duka lenye risiti, kwa sababu kadi feki hujaza mpaka mahali fulani halafu hula kila ulichoweka.

Kaseti na santuri nitazipitia haraka. Kaseti mpya kutoka Ulaya au Marekani huuzwa kama dola 8, na posta yake mara nyingi huzidi bei ya kaseti yenyewe. Ukifika jumla ya dola 23, umekaribia shilingi 3,000, na bado hujakutana na asilimia 16 ya VAT na tozo nyingine za forodha. Baada ya hapo utahitaji redio ya kaseti inayofanya kazi, na fundi wa kuisafisha. Nakala za mwanzo ndizo ghali kuliko zote. Deathcrush ya Mayhem ya 1987 ilichapwa nakala 1,000, na wanaoitafuta duniani ni wengi mno, kwa hiyo nakala bandia zimejaa sokoni. Kama lazima uwe na kitu cha kushika, ungana na wenzako watatu au wanne, agizeni kwa pamoja kifurushi kimoja ili mgawane posta, na mtumie sanduku la posta la mtu anayelilipia kila mwaka. Kabla ya kuagiza, tazameni kwenye tovuti ya Discogs bei ambazo nakala hiyo imeuzwa kweli siku za nyuma, msidanganywe na bei anayoitamani muuzaji.

Maarifa yenyewe ni bure. Encyclopaedia Metallum, kamusi ya makundi ya metali iliyoanza 2002, ni maandishi karibu matupu, hivyo hailemei bando. Huko utaona kila kundi lilitoka mji gani, lilitoa demo ipi mwaka gani, nani alihamia wapi, na linaimba kuhusu nini. Hilo la mwisho lisome kwa makini, kwa sababu pesa yako ina njia yake.

Agosti 1993 Euronymous aliuawa na Varg Vikernes, mwenye mradi wa Burzum. Mwaka uliofuata mahakama ya Norway ilimhukumu Vikernes kifungo cha miaka 21 kwa mauaji hayo na kwa kuchoma makanisa. Baadaye, 2014, mahakama ya Ufaransa ilimtia hatiani kwa kuchochea chuki ya rangi. Hata ile Transilvanian Hunger niliyoisifu, mashairi ya nyimbo zake nne aliyaandika yeye. Tena kuna tawi zima la blaki metali linalohubiri ubora wa mtu mweupe. Mkenya anayetoa shilingi 900 zake kulilisha tawi hilo anajilipia matusi yake mwenyewe. Kuna watakaosema muziki ni muziki. Mimi nasema soko limejaa, na Sarcófago, Sigh, Rotting Christ, Master's Hammer na mamia ya wengine wapo. Huna sababu ya kumtajirisha anayekudharau.

Nyumbani nako kuna hesabu yake. Mzazi aliyekuwa mtu mzima mwaka 1994 anakumbuka Rais Moi alipounda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Hofu ya miaka ile haijaisha, na kijana wa Kimilili au Kiminini anayebandika ukutani picha ya mtu aliyepakwa rangi nyeupe na nyeusi usoni ataulizwa maswali. Mzee akiuliza, mkalishe umweleze muziki huu ulitoka wapi na wewe unausikilizia nini. Ukificha ndipo unapozusha shaka. Kwa kijana anayekaa kwa wazazi, hii nayo ni sababu ya kuchagua faili kuliko santuri yenye kava ya kutisha.

Nimeacha mwisho kile ninachokipenda zaidi, yaani cha karibu. Nairobi ina makundi ya metali ya miaka mingi, na kutoka humo walitokea Martin Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, na Sam Karugu, waliotoka katika makundi ya Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Wakaunda Duma. Albamu yao ya kwanza ilitolewa Agosti 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na magazeti ya muziki ya Ulaya na Marekani yakaizungumzia sana. Hiyo si blaki metali ya Kinorway. Ni kelele, mashine, ngoma za kasi na mayowe, lakini njaa iliyomo ni ileile ya vijana wa Belo Horizonte wa 1987. Mwaka 2024 Lord Spikeheart alitoa The Adept kupitia lebo yake mwenyewe, HAEKALU, akimuenzi Muthoni wa Kirima, mwanamke wa ukoo wake aliyekuwa Field Marshal wa Mau Mau. Kazi hizi zinapatikana kwa njia ileile ya kununua faili, na mkononi mwa msanii wa Nairobi dola saba zina uzito usiofanana na ule wa Oslo.

Kumsikia mtu jukwaani nako kuna bei. Kutoka Kitale au Bungoma hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 350, nauli ya basi kwenda peke yake inapita shilingi elfu moja, na tamasha huisha usiku, kwa hiyo weka na ya kulala. Watu wa Bungoma wana njia nyingine wasiyoifikiria: Jinja iko chini ya kilomita 200, kupitia Malaba, na mpaka unavuka kwa kitambulisho chako cha taifa. Tamasha la Nyege Nyege limekuwa likifanyika upande huo wa Jinja tangu 2015. Sehemu kubwa yake ni muziki wa kucheza, wala usiende ukidhani utaikuta metali usiku kucha. Soma orodha ya wasanii ya mwaka huo kwanza, kisha linganisha tiketi na nauli ya Nairobi.

Kwa hiyo ile elfu moja yako. Mwanafunzi wa Kibabii au wa Kitale National Polytechnic mwenye Wi-Fi ya chuo asilipe huduma yoyote ya mwezi: apakue za lipa utakacho akiwa chuoni, na pesa yake yote inunue albamu moja kila mwezi. Anayefanya kazi na hana Wi-Fi alipie huduma ya mwezi kwa miezi mitatu ya mwanzo, apakue kwa bando za shilingi 19, aandike kwenye daftari majina yaliyomkamata, kisha asitishe huduma hiyo na kuanza kununua kutoka kwenye daftari lake. Ununuzi wake aupange uangukie zile Ijumaa ambazo Bandcamp huacha kuchukua mgao wake. Zilianza Machi 2020, na tarehe zake hutangazwa mapema. Siku hiyo bei kwako ni ileile, ila ile asilimia 15 inabaki kwa msanii.